Mnyoo, Kirusi na Barabara ya Mbagathi

Mimi ni mtu wa hadubini. Kazi yangu ilikuwa kupokea vikopo vya kinyesi na vichupa vya damu, kupaka vioo, kutia rangi, kuangalia na kuandika. Majirani zangu hapa Ayany waliniita "daktari" ingawa sikuwahi kumwandikia mtu dawa, nami nikachoka kuwasahihisha. Sasa nimestaafu. Mjukuu wangu analeta vitabu vya shule vinavyoeleza kinga ya mwili kana kwamba elimu yote hiyo ilishuka kutoka Ulaya ikiwa imeshapigwa chapa. Hakuna mstari hata mmoja unaomwambia kwamba baadhi ya mambo ya msingi kuhusu mwili unavyopambana na mnyoo, na mengine kuhusu mwili unavyopambana na kirusi, yalijulikana kwanza katika jiji hili analolala, katika maabara ambazo matatu moja kutoka kwetu ingemfikisha.

Lakini tuanze na ardhi, maana mwili haupigani hewani. Kabla ya nyumba hizi za mawe, hapa palikuwa na miti na mashamba ya Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani waliotumikia Waingereza katika King's African Rifles. Waliwekwa Kibera mnamo 1904, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikalitangaza eneo la ekari 4,197 kuwa la jeshi. Baada ya uhuru mitaa mipya ikaanza kuimega ardhi ile: Olympic, Fort Jesus, Karanja, na huu wetu wa Ayany. Wanubi walidai hati mpaka nywele zikaota mvi. Mwaka 2017 wakapewa hati ya ekari 288. Haboba mmoja, yaani nyanya wa Kinubi, wa Makina, aliyekuwa akiniletea wajukuu wapimwe choo, alikuwa na msemo wake: wazungu walitupa ardhi wasiyoitaka, na mbu wake juu. Sina hakika kama wazungu hawakuitaka, ila kuhusu mbu alisema kweli.

Watu husema Nairobi haina malaria. Haina nyingi, kwa sababu iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na usiku wake ni wa baridi. Lakini jiji lilijengwa kando ya kinamasi, kwa amri ya reli, na likapigwa na milipuko ya malaria, mmojawapo mwaka 1926 na mwingine 1940. Wenyeji wa jiji walianguka kwa sababu miili yao haikuwa imezoea. Hapo ndipo nilipo mimi kwenye hadithi hii.

Nilizaliwa Alego, upande wa ziwa, ambako mtoto huugua malaria kabla hajajua kutembea. Wadogo zangu wawili waliondoka kwa homa hiyo. Sisi tuliobaki tulifika utu uzima tukiwa na vimelea damuni na bado tunalima, tunacheka, tunabeba maji. Kisha nikaja Nairobi kusoma, nikaajiriwa, nikaolewa, nikapata nyumba Ayany. Desemba moja nikapanda basi na watoto kwenda kwa mama mkwe. Wiki mbili baada ya kurudi, watoto wote walikuwa wanatetemeka chini ya blanketi, na mimi mwenyewe, msichana wa Alego, nilikuwa siwezi kuinua kichwa. Dani, nyanya yangu, akacheka nilipompelekea habari: "Umekuwa mzungu."

Kila Januari tuliona vivyo hivyo maabarani. Watu wa Kibera wanatoka Siaya, Homa Bay, Busia, Kakamega. Wanakwenda nyumbani Krismasi na kurudi na homa. Watafiti walipowapima wagonjwa wa homa katika zahanati moja ya Kibera, safari ya magharibi mwa nchi ilijitokeza wazi miongoni mwa wenye vimelea. Kinga ya malaria inapatikana polepole, kwa kuumwa tena na tena, na inapungua ukiacha kuumwa na mbu wale. Sababu yake ilifafanuliwa vizuri Kilifi. Kimelea kikishaingia kwenye chembe nyekundu ya damu hutoa juu yake protini ya kuishikiza kwenye kuta za mishipa. Kina jeni karibu 60 za protini hiyo, na hubadilisha moja kwa nyingine. Mwaka 1998 Peter Bull, Kevin Marsh na wenzao walionyesha kwamba mtoto wa Kilifi aliyelazwa na malaria alikuwa tayari na kingamwili dhidi ya aina kadhaa za vimelea, ila alikosa dhidi ya aina ileile iliyomwangusha. Mtu mzima wa Alego ana akiba ya kingamwili za aina nyingi. Mtoto wangu wa Ayany hakuwa na hata moja, na yangu mimi ilikuwa imekauka.

Kirusi ni habari nyingine. Ukifuata Kibera Drive hadi barabara ya Mbagathi utaikuta hospitali ambayo watu wa rika langu bado wanaiita IDH, hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, walikotengwa wenye ndui, surua na kifua kikuu. Vijana wanaijua kama Mbagathi tu. Mkononi nina kovu la chanjo ya ndui, na kila mwenye umri wangu analo. Kovu hilo lina maana kubwa kuliko hati nyingi za serikali: tarehe 26 Oktoba 1979, hapa hapa Nairobi, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Pembe ya Afrika haina tena ndui. Miaka miwili kamili kabla ya siku hiyo Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, alikuwa ametokwa na vipele vya ndui, akawa mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida. Alipona.

Ndui iliwezekana kufutwa kwa sababu mwili ukishaishinda hauisahau. Kirusi hakiwezi kujizalisha chenyewe. Huingia ndani ya chembe ya mwili na kuitumikisha. Chembe iliyoingiliwa hutoa interferoni, protini inayozitahadharisha chembe za jirani zifunge njia za kirusi. Baadaye zinafika chembe T, ambazo huua chembe zilizoambukizwa, na chembe B, ambazo hutengeneza kingamwili za kukinasa kirusi kilicho nje kabla hakijaingia kwingine. Vita vikiisha, chembe kadhaa za kumbukumbu hubaki kwa miaka mingi. Chanjo humpa mtu kumbukumbu bila kumpa ugonjwa. Kirusi kikiwa na sura moja isiyobadilika, kama cha ndui, kazi inakwisha.

Sasa mnyoo. Nawapenda minyoo, kama fundi anavyoweza kulipenda tatizo gumu. Mnyoo hana haja ya kuingia ndani ya chembe. Yeye ni mkubwa kuliko chembe mara elfu nyingi, ana ngozi, ana misuli, na anaweza kuishi ndani ya mtu kwa miaka. Chembe nyeupe iliyozoea kumeza bakteria haiwezi kummeza. Kwa muda mrefu wataalamu waliona kwamba mtu mwenye minyoo ana wingi wa chembe nyeupe za aina moja, eosinofili, zenye punje zinazong'aa rangi ya chungwa ukizitia rangi ya eosini. Mwanafunzi yeyote wa maabara anazikumbuka, ni nzuri kutazama. Tuliziona, tukazihesabu, tukaandika asilimia, na wengi walidhani kazi yake ni kutuliza mzio tu.

Mwaka 1975 Anthony Butterworth na wenzake, miongoni mwao Robert Sturrock, walichapisha kazi waliyoifanya Nairobi. Walichukua viluwiluwi vichanga vya kichocho, wakaviweka kwenye majimaji ya damu ya Wakenya waliowahi kuugua kichocho, kisha wakaongeza chembe nyeupe za aina mbalimbali, moja baada ya nyingine. Eosinofili ndizo zilizoua. Kingamwili zilijipanga kwanza juu ya ngozi ya kiluwiluwi, eosinofili zikajishika kwenye kingamwili, zikamzunguka pande zote na kumwagia sumu ya zile punje, kama siafu wanavyomfunika mjusi ambaye hata mmoja wao hawezi kummeza. Hayo yaliandikwa katika jarida la Nature. Mimi niliyasoma miaka baadaye, makala ikiwa imefifia kwa kunakiliwa mara nyingi, na siku hiyo niliacha kuziona eosinofili kama asilimia za kujaza kwenye fomu.

Kuua kiluwiluwi ndani ya chupa hakuthibitishi kwamba ndivyo inavyokuwa ndani ya mtu. Kwa hiyo katika miaka ya themanini Butterworth, Sturrock na Mkenya John Ouma walikwenda Machakos, eneo la Iietune, kwenye vijito vilivyojaa kichocho. Waliwatibu watoto wa shule, halafu waangalizi wakakaa kando ya maji wakiandika: nani ameingia, saa ngapi, ameoga au amechota, maji yamemfika wapi. Nani mwingine angefanya kazi kama hiyo? Ni kazi ya uvumilivu wa mchungaji. Wakagundua kwamba watoto wawili wanaweza kuingia maji yaleyale kwa kiasi kilekile, mmoja akaambukizwa tena upesi na mwingine asiambukizwe, na kwamba umri una uzito. Watoto wadogo walikuwa na kingamwili nyingi, lakini baadhi yake zilikuwa za aina isiyosaidia, zinazokaa kwenye ngozi ya mnyoo na kuzizuia zile zinazofaa zisipate nafasi. Utafiti uliofuata, Gambia na hapa kwetu, ukaonyesha kwamba kingamwili za aina ya IgE, hizohizo zinazomfanya mtu apige chafya kwa vumbi, zinaambatana na kinga dhidi ya kichocho. Mwili huchukua miaka kuzikuza. Mtoto wa Machakos alihitaji kufika ujana, minyoo wafe ndani yake mara nyingi, ndipo mwili uwatambue vizuri.

Hapa ndipo tofauti ilipo, na ndiyo niliyotaka mjukuu wangu aijue. Kirusi, mara nyingi, mwili hukishinda ama hushindwa nacho. Kwa mnyoo mwili hupatana. Mnyoo hutoa kemikali za kuutuliza mfumo wa kinga, na mfumo nao hupunguza ukali wake, maana kumpiga kwa nguvu zote mnyoo anayekaa ndani kwa miaka kungemwangamiza mwenye mwili kwanza. Huko Entebbe, Uganda, kati ya 2003 na 2005 wajawazito zaidi ya 2,500 waliingizwa katika jaribio la dawa za minyoo. Wengi walitarajia kwamba watoto wao wangeitikia chanjo vizuri zaidi. Hawakuitikia tofauti. Ila watoto wa akina mama waliopewa albendazoli walipata ukurutu wa ngozi mara nyingi zaidi. Ukimwondoa mnyoo, mwili unabaki na hasira isiyo na kazi.

Upande wa pili wa jiji, Majengo ya Pumwani, kirusi kilikuwa kikiandika historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya themanini Frank Plummer wa Chuo Kikuu cha Manitoba alikuja kufanya kazi na Chuo Kikuu cha Nairobi kuhusu magonjwa ya zinaa. Muuguzi Elizabeth Ngugi ndiye aliyewakusanya wanawake wanaouza miili yao, akawaita barazani, akazungumza nao kama watu wazima. Bila yeye, kwa maoni yangu, ile kliniki ingekufa mwaka wa kwanza. Ilipopatikana njia ya kupima VVU, mwaka 1985, kama theluthi mbili ya wanawake waliopimwa walikutwa navyo. Lakini kadiri miaka ilivyosonga, wachache waliendelea kukutwa hawana, ingawa kazi ilikuwa ileile na wateja walewale. Makala ya mwaka 1996 katika The Lancet ikathibitisha kwamba hiyo haikuwa bahati tu. Mwaka 1998 Sarah Rowland-Jones na wenzake wakaonyesha kwamba baadhi ya wanawake hao walikuwa na chembe T zinazovitambua VVU. Mwili ulikuwa umekutana na kirusi na kukifukuza kabla hakijakaa. Halafu likaja jambo la kusikitisha: baadhi yao waliopumzika kazi kwa muda walipoirudia waliambukizwa. Kinga ile ilihitaji kukutana na adui mara kwa mara. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka Dani na kicheko chake.

Kutokana na wanawake hao likatokea wazo la chanjo. Job Bwayo wa Chuo Kikuu cha Nairobi na watu wa Oxford waliitengeneza kwa aina ya kirusi iliyoenea Kenya, na mwaka 2001 majaribio yakaanza hapa Nairobi. Kabla ya hapo ulizuka ugomvi mkubwa, kwa sababu ombi la hakimiliki lilikuwa limewaacha nje wanasayansi wa Kenya; baadaye wakakubaliana kugawana haki. Chanjo yenyewe haikuamsha kinga ya kutosha, na kufikia 2004 matumaini yalikuwa yamezimika. Bwayo aliuawa na majambazi mwaka 2007. Ngugi alifariki 2015. Plummer alifia hapa Nairobi Februari 2020, alipokuja kwenye maadhimisho ya miaka 40 ya ushirikiano ule. Wanawake wa Majengo hawatajwi kwa majina katika makala za kisayansi, na najua sababu: siri ya mgonjwa ni sheria ya kazi yetu, nami niliitunza. Lakini profesa alipata uprofesa na chuo kikapata ruzuku. Mwenye damu alipata dawa za kisonono, kondomu na, baada ya kungoja sana, dawa za kurefusha maisha.

Katikati ya hayo ilitokea Kemron. KEMRI, taasisi iliyoundwa 1979 na yenye makao yake barabara ya Mbagathi, ilitangaza mwaka 1990 kwamba interferoni kidogo sana inayoyeyushwa mdomoni inawapa nafuu wagonjwa wa UKIMWI. Rais Moi aliitambulisha dawa hiyo kwa fahari. Wagonjwa walikuja kutoka nchi za mbali, hata Marekani. Wazo halikuwa la kipumbavu: interferoni ni ya kweli, iligunduliwa London mwaka 1957, na ndiyo mwili unayoitumia kwanza dhidi ya virusi. Lakini majaribio yaliyofuata, yakiwemo ya Shirika la Afya Duniani, hayakuona faida yoyote. Tatizo la VVU si uhaba wa tahadhari. Kirusi hicho kinaingia ndani ya chembe zilezile zinazoongoza ulinzi, chembe T za CD4, na kuziua. Walimwengu walitucheka. Mimi naona dhambi yake ilikuwa haraka, na haraka hiyo ilitokana na woga wa nchi iliyokuwa ikizika vijana wake kila Jumamosi.

Mnyoo na kirusi walikutana ndani ya mwili mmoja Kisumu, kwenye ufuo ambako vijana huosha magari wakiwa wamesimama ziwani. Diana Karanja wa KEMRI na wenzake waliwafuatilia kwa miaka, wakiwatibu kichocho kila walipoambukizwa. Makala yao ya 2002 ilionyesha kwamba baadhi ya waosha magari, baada ya kutibiwa mara nyingi, walianza kukataa maambukizi mapya, ingawa mguu ulikuwa majini kutwa. Kila dozi ya prazikwanteli iliua minyoo wengi kwa pamoja, na mwili ukajifunza kutokana na mizoga. Wale ambao VVU vilikuwa vimezipunguza chembe zao za CD4 walijifunza kwa shida. Wapo waliotumaini kwamba kuwapa wenye VVU dawa za minyoo kungechelewesha UKIMWI. Jaribio kubwa la hapa Kenya lililochapishwa 2012 lilionyesha kwamba hakukuchelewesha.

Mwaka huohuo wa 2012 watafiti walipima watoto wa Kibera, wa chini ya umri wa shule na wa shuleni. Kama wanne katika kila kumi walikuwa na minyoo. Kwangu haikuwa habari mpya. Kliniki ya Tabitha, iliyoanzishwa na muuguzi Tabitha Festo na sasa iko Gatwekera, imekuwa kwa miaka mingi kituo cha ufuatiliaji wa magonjwa wa KEMRI na Wamarekani wa CDC; kaya za Gatwekera na Soweto zimeulizwa maswali na kutoa damu tangu katikati ya miaka ya 2000. Damu hiyo ndiyo iliyoonyesha kwamba kufikia Desemba 2020 zaidi ya watu wanne katika kila kumi waliopimwa walikuwa na kingamwili za korona, wakati magazeti yakiuliza mbona ugonjwa haujafika Kibera. Ulikuwa umefika na kupita.

Kwa korona ilipatikana chanjo ndani ya mwaka mmoja. Kwa malaria, baada ya miongo ya kazi, watoto wa Homa Bay walianza kuchanjwa Septemba 2019. Kwa mnyoo anayeishi ndani ya binadamu hakuna hadi leo chanjo hata moja iliyoruhusiwa kutumika. Jike moja la mnyoo wa mviringo hutaga mayai hadi 200,000 kwa siku, na mayai hayo huweza kukaa udongoni miaka. Kule bondeni bado kuna familia zinazotumia mfuko wa plastiki usiku kwa sababu choo kiko mbali na njia ina giza. Kidonge cha albendazoli kinamsafisha mtoto leo, na mwezi ujao anaokota mayai mengine mlangoni pao. Tumetoa damu ya kutosha kujua hilo. Wenye kugawa fedha za Kaunti ya Nairobi, na wafadhili wanaokuja na vichupa, leteni mabomba ya majitaka Gatwekera, Soweto na Laini Saba.